Maswali ya Wasomaji: Sentensi yenye Maji, Bei ya Neno na Ankara Isiyolipwa

Safari hii tunajibu barua za Kanda ya Ziwa peke yake. Zimetufikia nyingi kwa mkupuo, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anayeishi kwa kuandika bila kuajiriwa aandike vipi, na alipwe vipi.

"Mhariri amesema makala yangu ina maji"

Wahariri, nawasalimu. Niliandika makala ya maneno 900 kuhusu wanawake wanaoanika dagaa. Mhariri wa gazeti moja alinirudishia na maneno mawili tu: "Ina maji." Aya ya kwanza ni hii: "Suala zima la uanikaji wa dagaa limekuwa ni changamoto kubwa kwa wachakataji walio wengi katika mwalo wetu, ambapo katika kipindi cha mvua kumekuwa na upotevu mkubwa wa mazao hayo ya uvuvi kutokana na ukosefu wa miundombinu rafiki, hali inayopelekea wachakataji hao kuweza kupata hasara." Maji yako wapi?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

Umefanya vizuri kutuma aya yenyewe, maana ushauri wa juujuu haumfundishi mtu. Maji ni maneno yanayojaza nafasi bila kuongeza maana. Sentensi yako ina maneno 44. Iulize swali moja: nani amefanya nini? Haikujibu, kwa sababu mtu amefichwa ndani ya nomino.

Anza na "suala zima la". Lifute uone kama kuna kilichopotea. Hakuna. "Uanikaji" ni kitenzi kilichovalishwa unomino. Kirudishe kiwe "kuanika", halafu umtafute anayeanika. "Wachakataji" ni neno la ripoti za miradi. Pale mwaloni Kirumba, wavuvi wanaposhusha samaki, huwezi kuita "mchakataji" mtu akageuka. Kuna akina mama wanaoanika dagaa, basi waite hivyo. "Miundombinu rafiki" ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu bila shaka uliona kwa macho yako kisichokuwepo: vichanja vya kuanikia. Uliona vichanja havipo ukaandika miundombinu. "Kupelekea" ni kumfikishia mtu kitu. Ulichokusudia ni "kusababisha". Na "kuweza kupata hasara" toa "kuweza", kwani hasara haihitaji uwezo.

Sasa tazama:

"Dagaa wakianikwa mchangani, mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza. Wanawake wanaowaanika hulazimika kuwauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya chini."

Maneno 22, nusu kamili ya yale ya kwanza, na msomaji amepata mchanga, mvua, kuku na mtu anayeumia. Hata hivyo aya bado haijakamilika, na hapa kalamu haikusaidii mpaka urudi mwaloni. "Bei ya chini" ni kiasi gani? Uliza ndoo ya lita 20 ya dagaa wabichi inanunuliwa shilingi ngapi siku hiyo, ikikauka inatoa sado (kopo la kupimia) ngapi, sado ya dagaa safi inauzwaje, na ya walionyeshewa inauzwaje. Waulize wanawake watatu, si mmoja, na uandike tarehe, maana bei ya dagaa haitulii. Ukiwa na tarakimu hizo nne, makala inasimama yenyewe. Mara nyingi maji huingia kwenye sentensi kujaza nafasi ya jambo ambalo mwandishi hakuuliza.

Kwa kazi zijazo, ukimaliza rasimu iache ilale usiku mmoja. Asubuhi isome kwa sauti, uweke alama kila mahali pumzi inapokukatikia kabla ya nukta. Hapo sentensi ivunjwe. Kisha tumia sehemu ya kutafuta kwenye programu yako ya kuandikia, utafute maneno haya moja moja: suala, zoezi, changamoto, ambapo, hali, kupelekea, weza. Kila lilipo, jaribu kulifuta. "Waliweza kufika" ni "walifika". "Zoezi la upigaji kura" ni "kupiga kura". Na kila ulipoandika "imeelezwa kuwa", jiulize ameeleza nani. Kama humjui, hiyo si habari bado.

"Kula" na "kura" vinanichanganya

Mimi ni Msukuma, na L na R zinanipiga chenga tangu shule. Kompyuta hainionyeshi kosa, ila wateja wanaliona. Nifanyeje?
Msomaji, Magu

Usione aibu. Kisukuma hakina sauti ya R, kwa hiyo sikio lililolelewa nacho halitofautishi sauti hizo mbili. Usilitegemee sikio, tegemea jicho. Kompyuta inanyamaza kwa sababu "kula" na "kura" yote ni maneno halali. Vivyo hivyo mahali na mahari, kalamu na karamu, mbali na mbari. Chukua daftari, uandike maneno yako mwenyewe 30 unayoyakosea, kila moja na pacha wake, na kabla ya kutuma kazi uyatafute yote kwenye andiko. Kwa maneno 1,000 hiyo ni kazi ya robo saa hivi. Kama una rafiki ambaye L na R hazimsumbui, badilishaneni kazi kabla ya kutuma.

Ukiwa hapo, angalia pia "nilikua" na "nilikuwa". "Nilikua Igoma" maana yake umelelewa Igoma. "Nilikuwa Igoma" maana yake ulikuwepo huko, pengine kwa saa moja. "Kwahiyo" na "wakwanza" vitenganishe: kwa hiyo, wa kwanza. Na ile -ga yetu ya "wanauzaga", "anakujaga", usiiguse mvuvi anaponukuliwa, kwa sababu ndiyo sauti yake. Kwenye maelezo yako mwenyewe andika "huuza" na "huja".

Wanataka kunilipa kwa neno

Shikamooni. Nasoma chuo hapa Nyegezi. Shirika moja linataka nitafsiri ripoti ya uvuvi ya maneno 5,000 kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, malipo kwa neno. Niwaambie bei gani?
Msomaji, Nyegezi

Kabla ya bei, uliza wanahesabu maneno ya upande gani. Kiswahili hubeba mzigo mkubwa ndani ya neno moja. "Hatukuwaona" ni neno moja, lakini Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema jambo hilo hilo. Ripoti ya maneno 5,000 ya Kiingereza huenda ikatoka na maneno machache zaidi kwa Kiswahili, na wakihesabu ya Kiswahili utakuwa umefanya sehemu ya kazi bure. Kwenye makubaliano iandikwe wazi: hesabu ni ya maneno ya andiko la asili. Ukurasa wa kwanza uhesabu mwenyewe pande zote mbili, uwaonyeshe tofauti wakibisha.

Bei usiiokote kwa jirani. Tafsiri maneno 250 ya ripoti hiyo hiyo ukiwa na saa mezani, pamoja na kuyapitia na kuyasahihisha. Tuseme yamekuchukua saa 1 na dakika 15. Ripoti nzima ni mara 20 ya hapo, yaani saa 25. Ukifanya saa 5 za akili timamu kwa siku, ni siku 5. Sasa tazama matumizi yako. Kama kwa mwezi unahitaji 600,000 za kuishi na 60,000 za bando, umeme na nauli, usizigawanye kwa siku 26, kwa sababu siku nyingine zitaliwa na kutafuta wateja na kusubiri majibu. Gawanya kwa 15: unapata 44,000 kwa siku. Siku 5 ni 220,000, sawa na shilingi 44 kwa neno. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Kinachopatikana ni sakafu. Ukikubali chini ya hapo, unamlipia mteja kutoka mfukoni mwako.

Kuna kodi ya zuio pia. Shirika likikulipa kwa huduma, hukata 5% na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), hivyo kwenye 220,000 utapokea 209,000. Hujaibiwa, ila dai hati ya kodi hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayoonyesha kwamba umeshalipa. Uwe na namba ya mlipakodi (TIN), hutolewa bure.

Jambo la mwisho ni la ripoti yenyewe. Utakutana na dagaa, na programu za kutafsiri zinaweza kukutupia jamii ya sadini. Dagaa wa Ziwa Tanganyika kweli ni wa ukoo huo. Wa kwetu Ziwa Victoria si wa ukoo huo hata kidogo, ni jamaa wa samaki aina ya kapu. Mtaalamu wa uvuvi akiliona kosa hilo ukurasa wa pili, hataamini ukurasa wa kumi.

Wazo la makala natumaje?

Niko Ukerewe, nina mawazo mengi ila kila nikiandika kwa mhariri hajibu.
Msomaji, Nansio

Huenda unatuma makala nzima, au unaandika "nina wazo kuhusu uvuvi". Mhariri ana dakika moja na wewe. Mwandikie maneno 150 hadi 200 ndani ya barua pepe yenyewe, bila kiambatisho. Sentensi mbili za kwanza ziwe habari yenyewe, kwa mfano: "Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa kwenye mwanga wa mbalamwezi. Nataka kueleza familia ya mvuvi wa Ukerewe inakula nini siku hizo." Kisha taja utaongea na nani (mvuvi, mwenye mtumbwi, muuza duka anayekopesha), maneno mangapi, picha ngapi, na tarehe utakayokabidhi. Ukitaja tarehe, tazama mwezi wa angani kwanza: makala ya karabai, zile taa za wavuvi, ziwani huipati wiki ya mbalamwezi, na ya mitumbwi iliyoegeshwa huipati wiki ya giza.

Zifikirie pia siku ambazo wahariri huzijazia kurasa mapema. Nane Nane ni 8 Agosti, Siku ya Uvuvi Duniani ni 21 Novemba. Gazeti la kila siku lipelekee wazo wiki tatu kabla, jarida miezi mitatu. Asipojibu kwa siku 7, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili, umwambie tarehe utakayolipeleka kwingine, na siku hiyo ikifika ulipeleke kweli. Wazo lile lile kwa wahariri wawili kwa wakati mmoja bila kuwaambia, hapana. Wakilichapa wote, umepoteza wawili.

Na kama unataka kukusanya habari kama mwanahabari, si kuandika maandishi ya wateja, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inakutaka uwe na ithibati, yaani utambuliwe rasmi kuwa mwanahabari. Shughulikia hilo kabla hujapanda mtumbwi.

Miezi minne sijalipwa

Niliandika kijitabu cha kampuni ya usafirishaji. Walisema "andika kwanza, tutaelewana." Wamekichapa, wanakigawa, na simu hawapokei.
Msomaji, Musoma

Pole sana. Hilo "tutaelewana" limewaumiza wengi. Anza kwa kukusanya ushahidi: ujumbe wa simu walipokupa kazi, barua pepe uliyotumia kukabidhi, na nakala ya kijitabu chenyewe. Andika ankara yenye namba, tarehe, maelezo ya kazi, kiasi na siku ya mwisho ya kulipa, tuseme siku 14. Ipeleke ofisini kwao kwa mkono, na nakala yako wagonge muhuri wa kupokea. Siku hizo zikipita bila malipo, andika barua ya madai. Baada ya hapo, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni la mkataba, na mkataba unaweza kuthibitishwa hata kwa zile jumbe za simu. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 huilinda kazi tangu inapoandikwa, bila kusubiri usajili. Liweke hilo kwenye barua ya madai, kwa lugha ya heshima.

Kazi ijayo, hata ikitoka kwa shemeji, uwe na ukurasa mmoja uliosainiwa: kazi ni nini na ina maneno mangapi, bei, nusu ya malipo kabla ya kuanza, marekebisho mara mbili na ya tatu yanalipiwa, siku ya kukabidhi, siku ya kulipa, na kwamba haki ya kuchapa inahamia kwao malipo yakikamilika. Anayekataa kutoa nusu ya mwanzo amekuonyesha mapema jinsi nusu ya mwisho itakavyokuwa. Na anayekutaka wewe umlipe "ada ya usajili" ili upewe kazi za kuandika ni tapeli. Funga mazungumzo.

Maneno ya huku kwetu niyaache?

Nikiandika mwalo au mabondo, wasomaji wa Tanga wataelewa?
Msomaji, Sengerema

Yaache, ila yafafanue papo hapo ndani ya sentensi, mara ya kwanza tu: "Alinionyesha mabondo, vile vifuko vya hewa vya sangara ambavyo husafirishwa hadi China." Kuanzia hapo andika mabondo bila maelezo, na msomaji wa Tanga atakwenda nawe.