Kabla ya kufungua kipaza sauti: kwa wanaotangaza muziki wa klasiki redioni

Jumapili moja usiku, miaka 9 iliyopita, niliuharibu muziki hewani. Nilikuwa najitolea katika kituo kidogo cha redio ya jamii hapa Uingereza, na ndiyo kwanza nimepewa saa nzima ya muziki wa klasiki. Nikachagua sehemu ya mwisho ya Simfonia ya 9, kazi ndefu ya okestra, ya mtunzi Gustav Mahler. Sehemu hiyo huchukua kama dakika 25, na ukurasa wake wa mwisho ni wa ala za nyuzi peke yake, polepole mno, sauti zikikatika moja baada ya nyingine. Pale mwisho kabisa mtunzi ameandika neno la Kijerumani lenye maana ya kufifia mpaka kufa. Mimi macho yalikuwa kwenye taa za kipimo cha sauti. Zilipozimika zote nikajua kumekwisha, nikafungua kipaza sauti: "Naam, huyo ni Gustav Mahler..." Kwenye hedifoni nikasikia viola, zile kama fidla zenye sauti nzito kidogo, bado zinaendelea chini ya sauti yangu.

Simu ikalia. Alikuwa mama mtu mzima, wala hakugomba. Alisema yeye na mumewe wamezima taa za sebuleni, wamekaa kimya muda wote ule wakingojea pale pale nilipoingilia. "Ungetuachia tumalize," akasema, kisha akanitakia usiku mwema. Heri angegomba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria uwiano wa maneno na muziki kuliko jambo lolote jingine la kazi hii. Vijana wanaoanza vipindi huniuliza: kwa saa moja, dakika ngapi niseme na ngapi nipige? Zamani nilikuwa natoa hesabu. Siku hizi siitoi, kwa sababu nimeona saa iliyojaa maneno inavyoweza kumshika msikilizaji mpaka mwisho, na sekunde 10 tu zilizowekwa pasipo pake zinavyoweza kumfukuza.

Chukua kipindi cha mtunzi wa wiki cha BBC Radio 3, kituo cha muziki wa klasiki cha BBC. Kilianza mwaka 1943, miaka 24 kabla jina la Radio 3 halijaanza kutumika, na kwa miaka mingi sana sauti yake ilikuwa ya Donald Macleod, aliyeanza kukitangaza mwaka 1999. Mle ndani watu wanaongea, na wanaongea kwelikweli: barua za mtunzi, madeni yake, ndoa yake, ugomvi wake na wenye kumbi. Lakini sikiliza hadithi inapokatwa. Inakatwa pale ambapo muziki ndio unaofuata katika maisha ya mtu yule. Mtunzi kafiwa, na kazi aliyoiandika baada ya msiba ndiyo hii. Huyasikii maneno kama kizuizi, kwa sababu yamekuleta mpaka mlangoni yakakaa pembeni.

Au sikiliza matangazo ya Proms, tamasha la muziki wa klasiki la BBC la kila kiangazi, kutoka ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Kazi moja imekwisha, wanasukuma piano kuileta mbele ya jukwaa, na wewe uko jikoni kwako huoni kitu. Mtangazaji hana budi kuongea, tena dakika kadhaa, bila kujua kondakta, yule anayeiongoza okestra, atatokea saa ngapi. Anakueleza viti vinavyohamishwa, watu waliosimama pale chini mbele ya jukwaa, kisha taratibu anashusha sauti, na ukumbi unaposhusha pumzi naye amekwisha nyamaza. Maneno yale ni macho ya msikilizaji. Hakuna anayelalamika kuwa ni mengi.

Kinachoudhi ni maneno yasiyo na kazi. La kwanza kwangu ni kumwambia mtu ajisikieje. "Sasa utulie, upumzike, uache mawazo." Nilifanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee kwa miaka 6, redio ndogo mezani, na najua watu wanasikiliza wakiwa katika hali gani. Mmoja anauguza, mwingine amekosana na mwanawe jioni ile. Usimwamrishe atulie. Mpe kitu cha kusikiliza, moyo wake utajua wenyewe.

Hapo ndipo ulipo ushauri wangu mkubwa: kabla ya muziki, sema jambo moja tu la kutegea sikio. Kwa Mahler yule, siku hizi nasema hivi: binti yake alifariki mwaka 1907, yeye mwenyewe akaambiwa mwaka huo huo kuwa moyo wake una hitilafu, akaiandika simfonia hii miaka miwili baadaye, na alikufa mwaka 1911 bila kuisikia ikipigwa. Sikiliza viola mwishoni kabisa. Basi. Nikisoma taratibu ni nusu dakika. Jina la okestra, la kondakta, mwaka wa kurekodi, namba ya kazi, vyote hivyo nimeviweka baada ya muziki, kwa sababu mtu huuliza "nani huyo?" akishasikia, si kabla. Na yuko dereva aliyefungua redio katikati ya kazi. Huyo anakungoja wewe umtajie, hata akiwa amekwisha fika na gari limezimwa nje ya nyumba yake.

Andika utakachosema na ukipime kwa saa. Ukijiambia utasema kichwani kichwani, nusu dakika itakuwa tatu, nimeyaona.

Jambo la pili ni kukata. Classic FM, redio ya kibiashara ya Uingereza, tangu ianze hewani Septemba 1992, imewaingiza watu wengi katika muziki huu kwa kupiga sehemu moja moja na vipande vifupi, kati ya matangazo ya biashara, na sioni sababu ya kuwabeza. Mimi mwenyewe nilianzia hapo, ndani ya basi la saa 12 asubuhi. Lakini zipo kazi zisizokatika. Katika Simfonia ya 5 ya Beethoven, sehemu ya tatu haiishii popote. Inashuka mpaka inabaki ngoma inagongwa kwa chinichini gizani, nyuzi zinapapasa juu yake, halafu bila kituo chochote tarumbeta zinafunguka na sehemu ya nne imeingia. Ukipiga ya nne peke yake umempa mtu mwanga bila giza lake. Anasikia kelele za furaha na hajui zimetoka wapi. Kama huna nafasi ya zote mbili, piga kitu kingine.

Kwamba muziki nao husema na haufai kukatizwa, hili nililijua utotoni bila kujua kama nalijua. Bibi yangu Unguja alikuwa haachi taarabu ya redioni, na mtangazaji akianza kusoma salamu juu ya ala, kabla mwimbaji hajaingia, bibi alikuwa anaisogelea redio kana kwamba anataka kumziba mtu mdomo kwa mkono. "Mwanangu we, hebu mwache huyo wa fidla aseme." Kwake fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zilikuwa zinasema. Mtangazaji alikuwa anamkatiza mtu maneno.

Sasa ukimya. Wageni wa kazi hii wanauogopa, na mitambo nayo imetengenezwa iuogope: vituo vingi vina chombo kinachohesabu sekunde za ukimya, zikizidi kinadhani kumeharibika kitu na kuwasha muziki wa akiba. Januari 2004 okestra ya BBC ilipopiga kazi ile ya John Cage, mtunzi wa Marekani, ya dakika 4 na sekunde 33, ambayo wapigaji hawapigi chochote, mafundi wa Radio 3 ilibidi wakizime kwanza chombo hicho ili ukimya upite hewani salama. Kwa hiyo zungumza na fundi wako mapema. Muulize kwenu ni sekunde ngapi, na kama kazi yako inaishia chini sana, mwombe aongeze.

Wa kwetu aliniongezea. Mwaka jana, Jumapili ya mwisho ya Novemba, nikaipiga tena sehemu ile ya Mahler. Safari hii sikutazama taa. Nilivaa hedifoni, nikafumba macho, mkono nikauweka pajani mbali na meza. Viola zikaisha. Nikahesabu mpaka kumi na mbili, nikisikia mvumo wa ukumbi ule waliorekodia, pumzi za watu, mbao za kiti. Ndipo nikafungua kipaza sauti, nikataja mtunzi, okestra na kondakta, nikasema ni saa nne na dakika tatu, nikakaribisha taarifa ya habari.