Funguo za tovuti ya biashara yako zikae mfukoni mwako

Mwenye biashara ndogo akitaka tovuti, mazungumzo huanza na rangi na nembo. Hayo hubadilishwa kwa mchana mmoja. Kisichobadilika kirahisi ni nani ameshika funguo, nazo ni tatu: akaunti ya domeni (jina la tovuti, kama lile linaloishia na .com), akaunti ya hostingi (seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, inayohifadhi kurasa zako), na barua pepe iliyotumika kuzifungulia hizo mbili.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni fundi kusajili domeni kwa jina lake, eti mambo yaende haraka. Miaka miwili baadaye kahama kazi na simu hapokei. Kwa kampuni ya usajili, mwenye mali ni yule aliyeandikwa. Risiti zako za kumlipa fundi hazifungui akaunti. Kwa hiyo kaa mwenyewe kwenye kompyuta, sajili kwa jina lako au la biashara, lipia mwenyewe, ndipo umpe fundi ruhusa ya kuingia kama msaidizi. Na barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya domeni hiyohiyo. Domeni ikizimika, sanduku la barua linazimika nayo, na ujumbe wa kubadili nywila unatumwa mahali ambapo hakuna awezaye kuusoma.

Jina liwe fupi na la kutamkika. Kistari kinaruhusiwa, lakini hebu jaribu kumtajia mteja kistari kwenye simu uone. Domeni ya .com hulipiwa kwa mwaka 1 hadi 10 kwa mkupuo. Ukishasajili, fungua barua pepe siku hiyohiyo: utatumiwa ujumbe wa kuthibitisha anwani, na usipothibitisha ndani ya siku 15 domeni inaweza kusimamishwa. Wengi huudhani utapeli wakaufuta. Hakikisha tu umetoka kwa kampuni uliyosajilia, kisha bofya. Washa malipo ya kujirudia kila mwaka, maana domeni ya .com iliyopitwa na muda ikishafutwa huwa na siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kisha siku 5 za kungojea, halafu yeyote anaichukua.

Kuhusu hostingi hakuna haja ya kujitesa. Kurasa tano au sita hazihitaji seva ya peke yako. Ya kushirikiana na wengine inatosha. Uliza mambo mawili tu kabla ya kulipa: bekapu (nakala ya akiba ya tovuti) inachukuliwa kila siku na naweza kuirudisha mwenyewe? Cheti cha HTTPS, kinachofanya mawasiliano ya mteja na tovuti yawe salama, ni cha bure na kinajihuisha chenyewe? Vyeti vya bure vya Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90, hivyo kinachohuishwa kwa mkono kitasahauliwa, na wateja watakutana na onyo la kutisha kabla hata ya kuona ukurasa wako.

Hatua ya kuunganisha domeni na hostingi ndiyo huua barua pepe za watu. Domeni ina maelekezo mafupi yanayoitwa rekodi. Rekodi ya A huonyesha tovuti iko kwenye seva ipi. Rekodi za MX huonyesha barua ziende wapi. Ukihamisha seva za majina (zile zinazotunza rekodi hizo) kwenda kampuni mpya, rekodi za zamani haziji zenyewe. Tovuti inafunguka vizuri, kila mtu anapiga makofi, kumbe oda zilizokuwa zikija kwa barua pepe zimekatika tangu juzi. Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya skrini ya rekodi zote, zinakili upande wa pili, ndipo uhamishe. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea, kwa hiyo usifanye kazi hii siku ambayo biashara imechangamka.

Maneno yaandikwe kabla ya kuchagua muonekano. Aya za “Karibu kwenye tovuti yetu, sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora” hazimsaidii mtu mwenye friji iliyoacha kugandisha. Linganisha na hii: “Tunatengeneza friji na mashine za kufulia. Tunakufuata ulipo, Jumatatu hadi Jumamosi.” Sentensi mbili, na mteja ameshajua kama yuko mahali sahihi. Namba ya simu ikae juu kabisa, iwe ya kubonyeza ikapiga. Kwa kiungo cha WhatsApp cha wa.me, andika namba kuanzia na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, bila ile sifuri ya mwanzo. Sifuri hiyo ikibaki, kiungo hakimfikishi mteja kwako.

Picha ya simu huweza kuwa na MB 4 au zaidi. Weka 12 kwenye ukurasa wa kwanza, umemlazimisha mteja apakue MB 48 kwa bando lake. Na kuifanya ionekane ndogo kwenye ukurasa hakupunguzi uzito wake. Faili ni lilelile. Ipunguze kabla ya kuipandisha: upana wa pikseli 1600 kwa picha kubwa ya juu, 800 kwa nyingine, JPEG yenye ubora wa 75 hadi 80. Picha nyingi zitashuka chini ya KB 200 na jicho halitaona tofauti.

Fomu ya mawasiliano ina mtego wake. Ikipangwa kutuma barua kana kwamba imetoka kwa anwani ya mteja mwenyewe, seva zinazopokea huona seva yako inajifanya mtu mwingine, na ujumbe huishia kwenye taka au hupotea kabisa. Mtumaji awe anwani ya domeni yako, na anwani ya mteja ikae sehemu ya kujibu. Weka pia rekodi ya SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeni yako), moja tu. Zikiwa mbili, ukaguzi wa SPF unafeli. Halafu jaza fomu mwenyewe kutoka barua pepe tatu tofauti uone zinafika wapi.

Kwa wanaotumia WordPress (programu ya kujengea tovuti), kuna kisanduku kwenye mipangilio ya usomaji kinachoziambia injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Fundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, jambo la busara, kisha akasahau. Miezi inapita, Google haikujui, na lawama zinaangukia maneno uliyoandika. Kagua siku ya kuzindua. Plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) ziwe chache, zisasishwe kila wiki, na usiyoitumia ifutwe kabisa, maana iliyozimwa tu bado ina faili zake kwenye seva.

Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri jambo moja: uingie mwenyewe kwenye akaunti zote tatu ukiwa kwenye simu yako, ubadili nywila, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, na uchapishe kwenye karatasi zile namba za dharura za kuingilia akaunti. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na leseni ya biashara.