Usipakue picha ya chupa ambayo huna dukani

Ndugu yetu wa Tabora, umeuliza namna ya kupanga bidhaa za duka lako la vinywaji mtandaoni: picha, maelezo ya ladha, bei na usafirishaji, kisha ukaandika kwa furaha kwamba picha tayari unazipakua. Acha leo hii.

Nina duka la vinywaji Mwanga, Kigoma. Mwaka jana nilimlipa shilingi 80,000 kijana aliyejiita mtaalamu wa masoko, akanijazia orodha nzima kwa picha za kung'aa alizozitoa intaneti, na akaniapia kwamba mteja hununua kwa macho, hivyo ujazo usiandikwe kwa sababu "unachafua tangazo". Macho yake mwenyewe hayakuona kwamba wiski yangu ilikuwa ya mililita 750, ilhali ya pichani ilikuwa ya lita moja, ile inayouzwa sana kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Pichani huwezi kuzitofautisha kwa umbo tu, kwa kuwa hakuna kitu kando yake cha kuipimia chupa. Hata ile ya mililita 700 ya Ulaya ungedhani ni pacha wao.

Mteja wa Ujiji akaagiza chupa 24 kwa sherehe ya kumuaga binti yake. Nilizipeleka mwenyewe, shati limepigwa pasi. Mjomba wa binti akatoa simu, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka lebo ikajaa kioo, akasoma mbele ya wazee: "Lita moja." Kisha akaigeuza chupa niliyoleta, akasoma tena polepole, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Upungufu wa mililita 250 kila chupa, mara 24, ni lita sita, yaani chupa nane, nami nilizitoa bure kabla ya magharibi. Pilau nilikula, hilo siwezi kulikana.

Nilipompigia yule mtaalamu, alinijibu kwamba hilo ni suala la ghala. Ghala lipi? Stoo yangu ina mlango mmoja na paka.

Kwa hiyo toa chupa yako rafuni, ifute vumbi, isimamishe karibu na dirisha asubuhi, uipige picha mwenyewe huku lebo na stempu ya kodi vikionekana, na uandike ujazo kwenye mstari uleule wa jina, kabla ya bei. Mzigo mpya ukiingia, soma lebo upya. Hata bia usiidharau: chupa ya mililita 500 na kopo la 330 hubeba jina moja na rangi moja, na mteja aliyekwisha kulipia katoni hatakusikiliza ukijieleza mlangoni kwake.