Nyonga imevunjika: mnauliza chuma, hamuulizi mfupa

*Shikamoo dokta. Bibi kaanguka msalani, nyonga imevunjika. Tumeambiwa kuna pleti na kuna rodi, na rodi ni ghali. Ipi imara zaidi? (Newala)*

Marahaba. Swali hili limekuja tena, na tena bila kunitajia mfupa umevunjikia wapi. Mnachagua vyuma kama mnaochagua nondo za ujenzi! Ikiwa umevunjika chini ya shingo ya paja, penye nundu, vipande vimetulia na ukuta wa nje ni mzima, pleti yenye skrubu ya kuteleza inatosha kabisa. Bibi akikanyaga, skrubu inateleza ndani ya bomba lake, vipande vinabanana, mfupa unashika. Lakini ufa ukiwa wa mshazari wa kinyume, yaani unashuka kutoka upande wa ndani kwenda nje, au ukuta wa nje umepasuka, kuteleza kulekule kunaharibu kazi: paja linasogea upande wa ndani na hakuna cha kulizuia. Hapo lipieni rodi. Yenyewe hukaa ndani ya mfupa, karibu na njia ya uzito, kwa hiyo haipindwi sana. Na uzito wenyewe si mchezo. Kutembea kwa kawaida tu huibebesha nyonga zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili.

Hata hivyo, rodi ya bei iliyowekwa vibaya itashindwa na pleti iliyowekwa vizuri. Mwaka 1995 daktari wa upasuaji wa mifupa Baumgaertner na wenzake walipima umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha paja, wakajumlisha vipimo vya picha ya mbele na ya ubavu. Jumla ilipokuwa milimita 25 au pungufu, hakuna skrubu hata moja iliyotoboa kichwa. Baada ya upasuaji ombeni kuonyeshwa picha zote mbili. Mkionyeshwa moja, ulizeni ya pili iko wapi.

*Titani si ngumu kuliko chuma cha pua? (Masasi)*

Hapana, titani hunyumbulika zaidi. Usiuze korosho kwa ajili ya jina.

*Kwa nini bibi wasimfunge antena, vile vyuma vya nje ya ngozi, kama jirani yetu wa bodaboda? (Tandahimba)*

Jirani alivunjika muundi, si nyonga.

*Mdogo wangu ana miaka 24, kaanguka kwenye mnazi, shingo ya paja imevunjika. Fundi wa mifupa anasema ataikanda. (Mikindani)*

Asiiguse! Mishipa inayolisha kichwa cha paja hupita kwenye shingo hiyohiyo. Ikikatika, kichwa hufa. Kwa kijana tunapigania kukiokoa, tena haraka. Wanaoanguka kutoka juu mara nyingi ufa wao husimama wima, vipande huteleza, na skrubu tatu peke yake zinaweza zisitoshe. Bibi akivunjika shingo na vipande vikahama, mara nyingi tunaweka kichwa cha chuma, asisubiri mfupa uunge.

*Mama kapasuliwa, daktari anataka akanyage. Sisi tunamkataza, chuma kisivunjike. (Lindi)*

Mnamuua kwa huruma. Chuma huvunjika kwa kuchoka, mfupa usipounga kwa miezi. Hakivunjiki kwa kwenda chooni na woka. Kinachowaondoa wazee ni kitanda: vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda miguuni. Daktari wake keshampa ruhusa, mwinueni leo.

*Chuma kitatolewa lini, na ni kweli kinavuta radi? (Nachingwea)*

Kwa mzee, kisipomsumbua hakitolewi. Radi haihusiki.