Mtoto wa kilo 4.6 na mama asiye na kisukari cha mimba

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tukuyu, kwenye nyanda za juu za Rungwe. Wa kwanza alizaliwa na kilo 3.5, wa pili 3.9, na huyu wa mwisho, ambaye sasa ana miezi miwili, alizaliwa na kilo 4.6 mimba ikiwa imepita wiki 41. Mabega yake yalikwama kidogo wakati wa kutoka, lakini ni mzima. Nilianza kliniki nikiwa na kilo 84, urefu wangu ni sentimita 160, na nilijifungua nikiwa na kilo 99. Nilitobolewa kidole mara moja tu, mimba ikiwa ya miezi minne, nikaambiwa sukari ni ya kawaida. Majirani hawaamini. Je, mama asiye na kisukari anaweza kuzaa mtoto mkubwa kiasi hiki? Na mimba ijayo nipange upasuaji?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Anaweza, tena watoto wengi wanaozaliwa na kilo 4 au zaidi mama zao hawana kisukari, kwa kuwa wajawazito wasio na ugonjwa huo ndio wengi. Kwa upande wako, sababu kadhaa umeziandika mwenyewe.

Ya kwanza ni uzito. Kwa urefu wako, kilo 84 ni unene uliopitiliza tangu mwanzo wa mimba, na mjamzito wa kundi hilo hushauriwa aongezeke kilo 5 hadi 9 tu, ilhali wewe uliongezeka 15. Glukosi, yaani sukari iliyo katika damu ya mama, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama, homoni inayodhibiti sukari hiyo, haipiti. Hivyo mtoto hutengeneza insulini yake mwenyewe, ambayo tumboni humfanya akue na kuhifadhi mafuta. Jambo hili haliwahusu wagonjwa wa kisukari pekee. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba uzito wa mtoto hupanda hatua kwa hatua kadiri sukari ya mama inavyopanda, hata ikiwa bado chini ya kiwango cha ugonjwa. Mama mnene, aghalabu, huwa pia na mafuta mengi katika damu, nayo humfikia mtoto.

Sababu nyingine ni za kawaida: mimba iliyopitiliza humpa mtoto siku zaidi za kukua, watoto wanaofuata mara nyingi huwazidi waliotangulia, wavulana huwazidi wasichana kidogo, na maumbile ya wazazi wote wawili huchangia. Wapo wanaodai kuwa hali ya hewa ya nyanda za juu ndiyo inayokuza watoto. Ukweli ni kinyume, kwani kadiri mtu anavyoishi juu zaidi ya usawa wa bahari ndivyo uzito wa watoto wanaozaliwa unavyoelekea kupungua. Ndizi na viazi vya Rungwe navyo havina kosa, ila kiasi kinacholiwa.

Hata hivyo, sitawabeza sana majirani zako. Kipimo kimoja cha kidole katika mwezi wa nne hakitoshi kusema hukuwa na kisukari cha mimba, kwa sababu ugonjwa huo hujitokeza zaidi baadaye, na kipimo chake halisi hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28: mama hupimwa akiwa hajala, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vile mwanao ana miezi miwili, nakushauri ufanyiwe kipimo hicho cha kunywa glukosi sasa, uijue hali yako ya leo, ingawa hakiwezi kueleza kwa uhakika kilichotokea wakati wa mimba.

Kuhusu upasuaji, ukubwa wa mtoto peke yake si sababu ya kuupanga mapema. Madaktari wa uzazi wa Marekani hupendekeza uzungumzwe pale mtoto anapokadiriwa kufikia kilo 5 kwa mama asiye na kisukari, au 4.5 kwa mwenye nacho, nayo makadirio ya utrasaundi huweza kupotoka kwa asilimia 10 hadi 15. Kinachonifanya nikupe tahadhari zaidi ni mabega kukwama, kwa sababu aliyepatwa na hali hiyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatwa nayo tena. Kwa hiyo punguza uzito kabla ya kushika mimba nyingine, na ukishaipata, wahi kliniki na uombe habari hii iandikwe kwenye kadi yako. Usijifungulie zahanati; panga hospitali yenye chumba cha upasuaji, na mjadili njia ya kujifungua na daktari wa hapo kabla ya wiki ya 38.