Kamishibai: mkono unaovuta ndio unaosimulia

Mara ya kwanza kuwasimulia watoto kamishibai, kwenye maktaba ya mtaa tunaoishi hapa Japani, hadithi ya picha 12 niliimaliza kwa dakika tatu. Nilisoma bila kukosea hata neno. Nilipofunga milango ya kisanduku cha picha, watoto walikuwa bado wamekodoa macho, kama abiria walioshushwa kabla ya kituo chao.

Kamishibai ni mchezo wa kuigiza wa karatasi. Picha kubwa hupangwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye milango, kinachoitwa butai, na msimulizi huzivuta ubavuni moja moja na kuzirudisha nyuma. Miaka ya 1930, kazi zilipokuwa adimu, mitaa ya Tokyo ilijaa wasimulizi wa baiskeli. Waligonga vijiti viwili vya mbao, hyoshigi, watoto wakaja mbio, wakanunua pipi, ndipo hadithi ikaanza. Matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1953, na watu wakayaita "kamishibai ya umeme". Wale wa baiskeli wakapungua. Siku hizi utaikuta chekechea na maktaba, unaazima kama kitabu.

Kosa langu lilikuwa kuvuta picha kama mtu anayefunua kurasa. Chukua hadithi moja ninayoipenda: picha inaonyesha kichaka kitupu. Ukiivuta nusu ukasimama, ya nyuma yake inachungulia, unaonekana mkia tu. Nyamaza hapo. Hesabu moyoni hadi tatu. Lazima mtoto mmoja atainuka kwa magoti na kusema, "Paka!" Usimsahihishe, mwache abaki na paka wake mpaka uvute nusu iliyobaki na mbweha atokee. Kicheko cha hapo hakipatikani kwa kusoma haraka.

Kabla ya kuanza, kagua mpangilio. Maneno ya picha ya kwanza yamechapwa nyuma ya picha ya mwisho, ya picha ya pili nyuma ya ile ya kwanza, na kuendelea hivyo. Picha moja ikikaa si mahali pake, yote yanavurugika. Nimewahi kusoma habari za mvua huku watoto wanatazama jua kali.

Na butai usiiache. Ukishika picha mkononi, zinatikisika, na macho ya mtoto yanahamia kwenye vidole vyako na saa. Iweke mezani, nyuma yake pasiwe na dirisha.

Nyumbani nawasimulia wanangu kwa Kiswahili. Hyoshigi sina, nagonga mwiko kwenye ubao wa kukatia mboga. "Paukwa!" "Pakawa!" Mdogo, wa miaka mitatu, amejitwalia kazi ya kufungua milango. Anaufungua mmoja, anatugeukia kututazama, kisha anaufungua mwingine, polepole kabisa, na haruhusu mtu amsaidie.