Geko mpya anapogoma kula

Dada mmoja msomaji wangu, anaishi huku Uingereza, ameniandikia kwamba amenunua geko chui, yule mjusi wa manjano mwenye madoa meusi, na tangu aingie nyumbani hajagusa chakula. Amempa nyenje, amempa funza wa unga, amemshika mkononi na kumsogezea mdomoni. Mjusi anageuza uso. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, atakufa?"

Kama mkia wake bado umenona, hafi kwa kufunga siku chache. Geko chui huweka akiba ya mafuta mkiani, na mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki mbili bila kula na asidhurike. Kwa hiyo mikono hiyo, dada yangu, iondoe kwanza.

Naijua hofu yako. Kito, geko wangu wa kike, alipofika kwangu aliingia pangoni na hakutoka. Aliyeniuzia alikuwa ameniapia kwamba anakula kila anachopewa. Nilipompigia simu kumuuliza, akaniambia watu wengine hawana mkono wa kufuga. Nilikuwa nimesoma, nimejinyima, nimemwandalia sanduku la kioo kabla hajafika, na neno lile bado linanichoma. Wa kunifariji nyumbani sikuwa naye. Shangazi yangu wa Tanga alipoona picha kwenye simu alisema mjusi kafiri kwao anafukuzwa kwa ufagio, sasa mimi nimekuja Ulaya kumlipia bili ya umeme.

Usiku ule niliacha kumhangaikia Kito, nikaanza kukihangaikia chumba chake. Nilifunika pande tatu za kioo kwa kitambaa cheusi asituone tukipitapita. Nilikataza watoto kugonga kioo. Nikawa naingiza mkono kubadilisha maji tu, basi. Wageni waliokuja kumtazama waliambiwa warudi mwezi ujao, na mmoja alininunia kweli.

Tena niseme: mwache. Huyu mnyama asili yake ni nchi kavu za mawe, Pakistan, Afghanistan, kaskazini-magharibi mwa India, na hutoka jua likizama. Mchana anajificha kwa sababu nje kuna wanaomla, na mkono unaoshuka kutoka juu kwake ni mwewe. Akitishwa sana anaweza hata kuukata mkia wake, na pamoja nao ile akiba yote ya mafuta. Mpe angalau wiki ya kwanza nzima bila kumshika. Mpe mapango mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, yenye kumbana kidogo mwilini, maana pango kubwa halimpi amani. Ongeza la tatu lenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, humo atajivulia gamba. Ukiona rangi yake inapauka, ujue anakaribia kujivua, na siku hizo wengi hawali. Usimlazimishe.

Sasa joto, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwili wa mjusi haujitengenezei joto wenyewe. Bila joto la kutosha tumbo halisagi chakula, na mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana hataki kula. Sakafu ya pango la joto iwe kama nyuzi 32, upande wa pili 24 au 25. Pima pale anapolaza tumbo, kwa kipimajoto chenye waya, usiamini kile cha kubandika ukutani. Na mkeka wa umeme wa kumpa joto usiuwashe bila themostati, kile kifaa kinachozuia joto lisizidi, unaweza kumuunguza tumbo.

Chakula chenyewe hakina maneno mengi. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, umpakae unga wa kalsiamu, umpe geko jioni taa zikizimwa. Nyenje wasioliwa waondoe, usiku humng'ata.

Kito alikula usiku, mimi nikiwa jikoni. Niliwahesabu nyenje asubuhi nikakuta pungufu, nikawatafuta chini ya kila jiwe kabla ya kuamini. Leo ana gramu 60, mkia mnene kuliko shingo, na anatoka mwenyewe akisikia kifuniko. Yule muuzaji ningependa amwone.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, kwa sababu wengine mnaniuliza kama naweza kuwapatia geko wa buluu wa kwetu. Yule anaishi msitu wa Kimboza, Morogoro, na vijisitu vichache vya jirani, juu ya mikadi. Alikamatwa kwa maelfu kwa ajili ya wafugaji wa nje, na mikadi yenyewe ikakatwa ili ashuke. Tangu 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kumkamata porini na kumuuza nje ni marufuku. Siwezi na sitaki. Anayependa mijusi anunue aliyezaliwa kwa mfugaji. Hata kula anaanza mapema, kwa sababu wa porini hufika na minyoo, na hofu aliyopata njiani haimtoki upesi.

Dada, fanya hivi. Mpime leo kwenye mzani wa jikoni, uandike, kisha umpime tena mara moja kwa wiki, ndani ya bakuli ili usimbane mkononi. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au mkia ukaanza kusinyaa, au kinyesi kikawa maji, usisubiri ushauri wangu. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, na ubebe kinyesi kibichi kwenye kikopo kilichofungwa, kwa sababu wadudu wengi wa tumboni hawaonekani kwa macho na kwa dalili peke yake daktari hawezi kuwatambua. Akiwa yuko sawa kwa uzito, funika kioo, pima sakafu, na usimshike.